"Ndiye Huyu, Daktari!": Kwa Nini Shahidi Mkweli Hukosea

Alfajiri moja, mama mmoja muuza mahamri hapa Timbwani alivamiwa akifungua kibanda chake. Vijana wawili wenye mapanga walimnyang'anya simu na pesa za mauzo ya jana, wakamkata mkono wa kushoto alipojaribu kujikinga. Majirani walimpakia kwenye tuktuk wakamleta kwangu akivuja damu. Nilimshona, nikamdunga sindano ya pepopunda, nikamwelekeza kituo cha polisi akachukue fomu ya P3.

Siku ya kumi alirudi kutolewa nyuzi. Alipoingia tu, alinishika koti kwa ule mkono wake mzima, akaninong'oneza huku akitetemeka: "Ndiye huyu, daktari! Wallahi ndiye. Sura hii siisahau mpaka naingia kaburini."

Kwenye benchi alikuwa ameketi kijana wa miaka ishirini na kitu, kavaa fulana ya kawaida, anasubiri majibu ya maabara. Mnong'ono wa mtu mwenye hofu husikika mbali. Kabla sijapata la kusema, vijana wa bodaboda waliokuwa langoni walikuwa wameshasikia. Dakika tano baadaye nilihesabu watu kama thelathini uani. Mmoja wao alikuwa ameshika jiwe.

Nilimwingiza kijana yule kwenye chumba cha kufungia vidonda nikatia komeo. "Daktari," akaniambia, meno yakigongana, "siku hiyo mimi nilikuwa hapa hapa kwako." Nitasema ukweli: sikumkumbuka hivyo. Mimi nilikuwa na hakika kwamba alikuja na homa wiki moja kabla ya mkasa ule.

Muuguzi akafungua daftari. Kijana alipokelewa saa tatu usiku wa kuamkia siku ile, ana homa na anatapika. Alilala na dripu hadi asubuhi, akaruhusiwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mama aliletwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Hapo muuguzi akakumbuka jambo: tuktuk ilipofika, kijana yule, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametolewa dripu, ndiye aliyemshika mama bega na kumsaidia kuingia.

Nimebadilisha mambo machache ili wahusika wasitambulike, lakini kiini cha mkasa ndicho hicho. Mama yule hakusema uongo. Sura ile kweli aliiona asubuhi ile, katikati ya damu na hofu. Alichokosea ni mahali pa kuiweka. Alimchukua aliyemsaidia akamweka pa aliyemkata.

Juma hili, basi, tunaweka kando malaria na shinikizo la damu tuzungumzie kumbukumbu: jinsi inavyofanya kazi, kwa nini humpotosha hata mtu mwaminifu, na mimi na wewe tufanye nini ili asiye na hatia asiumie kwa sababu yetu.

KUMBUKUMBU SI PICHA

Wengi wetu tunadhani kwamba kichwani mna kitu kama kamera. Jambo likitokea, picha hupigwa na kuwekwa. Tukitaka kukumbuka, tunaitoa tukaitazama. Sivyo ilivyo.

Ubongo hufanya kazi hii kwa hatua tatu. Kwanza hunasa habari kupitia macho, masikio na milango mingine ya fahamu. Pili huihifadhi. Tatu huirudisha inapohitajika. Sehemu kubwa ya kazi ya kuhifadhi hufanywa na kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo kiitwacho hipokampasi, jina lenye maana ya farasi wa baharini, kwa kuwa umbo lake linamfanana mnyama huyo ambaye wavuvi wetu wanamjua. Kiungo hicho hakihifadhi picha nzima. Huunganisha vipande vilivyotawanyika: rangi huku, sauti kule, harufu kwingine. Tunapokumbuka, ubongo huvikusanya vipande hivyo upya, na penye pengo hujaza kwa kile unachoona kinafaa.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett wa chuo kikuu cha Cambridge, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi ya kigeni waisome, kisha akawataka waisimulie baada ya muda. Kila waliposimulia, hadithi ilibadilika. Mambo waliyoyaona mageni yaliachwa, na mengine yakageuzwa yafanane na mazoea yao. Wenyewe hawakujua kwamba wameibadilisha.

Fikiria paa la makuti. Kila mwaka unaondoa makuti yaliyooza na kutia mapya. Baada ya miaka kadhaa huenda hakuna kuti hata moja la mwanzo, lakini wewe bado unasema, "Hili ndilo paa alilojenga baba." Kumbukumbu ni hivyo hivyo. Kila unaposimulia unatia kuti jipya, na huoni tofauti.

JICHO LENYEWE LINA MIPAKA

Kabla ya kulaumu kumbukumbu, tujiulize jicho liliona nini. Nyosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa kidole gumba. Upana kama huo tu ndio ambao jicho lako huona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine zote huonekana kwa ukungu, na ubongo huzijaza.

Gizani hali huwa mbaya zaidi. Nyuma ya jicho kuna aina mbili za seli za kupokea mwanga. Aina moja huona rangi na mambo madogo madogo, lakini huhitaji mwanga wa kutosha. Nyingine hufanya kazi katika mwanga hafifu, lakini haitambui rangi wala haioni mambo madogo vizuri. Tena katikati kabisa ya jicho, pale tunapotumia kukazia macho, seli hizi za gizani hazipo. Jaribu leo usiku kuikazia macho nyota ndogo: itapotea. Tazama pembeni yake kidogo, itaonekana.

Mhalifu akikumulika tochi usoni, jicho huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza tena sawasawa. Na zile taa ndefu tunazoziita mulika mwizi zina faida yake, lakini mwanga wake hutoka juu. Hutia kivuli kwenye macho na chini ya pua, na sura ya mtu unayemjua huweza kukupotea. Basi shahidi anaposema kwamba mwizi alivaa shati la buluu na alikuwa na kovu dogo, swali la kwanza ni hili: kulikuwa na mwanga gani?

PANGA NA HOFU

Watu huniambia, "Daktari, nilimwona vizuri kwa sababu niliogopa sana, jambo la kutisha halisahauliki." Ni kweli kwamba hofu hukaza kumbukumbu, lakini hukaza sehemu tu.

Ukishtuka, mwili humwaga adrenalini. Moyo hupiga mbio, na kiungo kingine cha ubongo chenye umbo la lozi, kiitwacho amigdala, huuamuru ubongo utazame kile kinachoweza kukuua. Nacho ni panga, si pua ya mwenye panga. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha za mteja katika mkahawa. Kundi moja lilimwona mteja akimpa mtunza fedha hundi. Kundi lingine lilimwona akimwelekezea bastola. Walipopima mwendo wa macho, waligundua kwamba bastola ilitazamwa zaidi kuliko hundi, na walioiona walikuwa dhaifu zaidi katika kumtambua mteja mwenyewe.

Nimeshona majeraha mengi ya panga. Majeruhi wengi hunieleza panga lile kwa ufasaha: mpini ulifungwa mpira mweusi, ncha imekatika, lina kutu upande mmoja. Nikiuliza sura, hunyamaza kidogo, kisha husema, "Alikuwa mrefu."

Mtu aweza kusema kwamba hao ni raia tu, hawakuzoea. Basi watazame wanajeshi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani zaidi ya 500 waliokuwa katika mafunzo ya kuvumilia kutekwa. Kila mmoja alihojiwa zaidi ya nusu saa, uso kwa uso, mahali penye mwanga. Baadhi ya mahojiano yalikuwa ya vitisho na nguvu, mengine hayakuwa. Siku iliyofuata walitakiwa kumtambua aliyewahoji. Kwa mhoji aliyetumia vitisho, makosa yalikuwa mengi zaidi. Katika gwaride la watu waliosimama mbele yao, ni kama theluthi moja tu waliopata. Hao ni askari vijana, wazima, waliomtazama mtu zaidi ya nusu saa. Muuza mahamri aliyeona sura sekunde chache gizani tumdai nini?

SURA HALISI, MAHALI SI PAKE

Turudi kwa kosa la mama yetu. Wataalamu wanalijua vizuri. Ubongo huhifadhi sura upande mmoja na mahali ilipoonekana upande mwingine, na uzi unaoviunganisha ndio unaokatika kwanza. Ndiyo sababu hukutana na mtu sokoni Kongowea ukasema, "Huyu namjua," lakini usikumbuke kama ulimwona msikitini, kanisani au ndani ya feri.

Mfano unaojulikana sana ulitokea Australia mwaka 1975. Mwanasaikolojia Donald Thomson alishtakiwa kwa kumbaka mwanamke, naye mwanamke huyo alimtambua bila kusita. Bahati yake, saa ya tukio Thomson alikuwa kwenye kipindi cha televisheni kilichokuwa kikirushwa moja kwa moja. Mwanamke alikuwa akikitazama kipindi hicho alipovamiwa. Sura ya kwenye televisheni iliingia katika kumbukumbu ya mhalifu. Jambo la ajabu ni kwamba Thomson mwenyewe alikuwa mtafiti wa kumbukumbu.

Kuna sababu nyingine ya kuchanganya sura: mazoea. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba mtu hutambua vizuri zaidi sura za watu wa asili kama yake, na hukosea zaidi kwa wageni. Si dharau wala ubaguzi. Ni jicho kukosa mazoezi. Mzungu atasema Waafrika wanafanana, nasi tunasema Wachina wanafanana.

MANENO YA WATU BAADA YA MKASA

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima alichosahau. Ndani ya saa moja alikuwa amepoteza zaidi ya nusu. Baadaye kusahau kulipungua mwendo. Kwa hiyo saa za kwanza baada ya mkasa ndizo za thamani kubwa kuliko zote. Kwa bahati mbaya, ndizo saa ambazo majirani hujaa nyumbani kutoa pole, na kila mmoja ana neno lake: "Lazima ni yule wa kule bondeni." "Hakuwa na dredi kweli?" Kufikia jioni, maneno yao yamekwisha kuwa makuti katika paa lako.

Mmarekani Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer walilionyesha jambo hili mwaka 1974. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yanakwenda kasi gani. Walioulizwa kwa neno lenye maana ya kupondana walikadiria takriban maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana walikadiria 34. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya kuona filamu, wanafunzi waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 walisema ndiyo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kugongana, 7. Katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja tu la muulizaji lilileta vioo.

Siku hizi tuna hatari nyingine: simu. Picha ya mshukiwa huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp hata kabla ya ripoti kufika kituoni. Ukishaiona picha ile mara tatu, sura yake inakuwa sura unayoijua. Ukiitwa baadaye kumtambua, utamtambua, lakini huenda unaitambua picha.

Hata sifa huharibu. Gary Wells na Amy Bradfield walichapisha mwaka 1998 jaribio ambalo watu walichagua picha ya mhalifu kutoka safu ambayo mhalifu mwenyewe hakuwamo. Wote, basi, walikosea. Baadhi yao waliambiwa, "Vyema, umempata mshukiwa." Hao wakasema baadaye kwamba tangu mwanzo walikuwa na hakika, na kwamba walimwona mhalifu vizuri. Neno moja la pongezi liliongeza uhakika ambao haukuwapo.

Mwaka 1984 huko North Carolina, Marekani, mwanafunzi Jennifer Thompson alibakwa. Wakati wa shambulio alijitahidi kuikariri sura ya mhalifu ili aje kumtia mbaroni. Alimchagua Ronald Cotton katika picha, kisha katika gwaride, kisha mahakamani. Kila mara uhakika wake ulizidi. Katika kesi ya pili, mwaka 1987, mhalifu halisi, Bobby Poole, aliletwa mbele yake mahakamani. Akasema hajawahi kumwona. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, hadi kipimo cha vinasaba kilipomtoa mwaka 1995. Baadaye wawili hao waliandika kitabu pamoja. Marekani pekee, mamia ya wafungwa wameachiliwa kwa kipimo hicho, na katika takriban kesi 7 kati ya 10 za namna hiyo, mashahidi walikuwa wamemtambua mtu asiye yeye.

HATA MISIBA MIKUBWA

Hapa Likoni, mtu mzima yeyote atakwambia alikuwa wapi asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa. Atakwambia pia kuhusu usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa. Je, kumbukumbu za misiba kama hii nazo hubadilika?

Ndiyo, hubadilika. Chombo cha angani cha Marekani, Challenger, kilipolipuka Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwataka wanafunzi waandike asubuhi iliyofuata walikuwa wapi na walipataje habari. Baada ya miaka miwili na nusu hivi aliwauliza tena. Wengi walitoa maelezo tofauti na waliyoandika kwa mkono wao, lakini walikuwa na hakika kubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao, baadhi walikubali mwandiko ni wao, ila wakashikilia kwamba mambo hayakuwa hivyo.

Msiba wenyewe hausahauliki. Waliokufa wanajulikana na machozi ni ya kweli. Kinachobadilika ni yale ya pembeni: nani alikuwepo, alivaa nini, alisema nini. Na kwa bahati mbaya, kesi za jinai mara nyingi husimama juu ya hayo ya pembeni.

MAHAKAMA ZETU ZINAJUA

Mahakimu wa Afrika Mashariki waliliona jambo hili zamani, kabla ya nyingi ya tafiti nilizozitaja. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba jambo laweza kuthibitishwa na shahidi mmoja, lakini ushahidi wa utambuzi wa mtu mmoja upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa pale hali ya kuona ilipokuwa ngumu, na utafutwe ushahidi mwingine wa kuuunga mkono. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, majaji walikiri kwamba hukumu inayotegemea utambuzi peke yake haikosi kuacha wasiwasi.

Uingereza nayo ilitoa mwongozo maarufu mwaka 1976 katika kesi ya Turnbull, na mahakama za Kenya huutumia: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, kulikuwa na kizuizi, alimjua kabla, maelezo yake ya kwanza yalilingana na sura ya mshtakiwa? Mwaka 1980, katika kesi ya Anjononi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba kumtambua mtu unayemjua kuna nguvu kuliko kumtambua mgeni. Hata hivyo mwongozo wa Turnbull unaonya kwamba watu hukosea hata kwa jamaa na marafiki. Na mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, mahakama ilisisitiza kwamba lazima iulizwe taa ilikuwa ya aina gani, ukubwa gani, na ilikuwa wapi. Tena iulizwe mlalamishi aliwaambia nini watu wa kwanza waliofika kumsaidia.

Gwaride la utambuzi nalo lina kanuni zake. Mshukiwa asimamishwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo, umbo na hali ya maisha. Achague mwenyewe pa kusimama, na aweze kubadilisha kila shahidi anapotoka. Ana haki ya kuwa na wakili au rafiki. Shahidi asimwone kabla ya gwaride, na afisa anayechunguza kesi asiwe ndiye anayeliendesha. Ukisoma sasa habari za Thompson na Cotton, utaona kwamba kila kanuni hapa inaziba ufa mmoja wa kumbukumbu.

Mambo haya si ya mzaha. Adhabu ya wizi wa mabavu katika sheria zetu ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Lakini mahakama ya barabarani haina Turnbull wala gwaride. Ina jiwe, tairi na neno moja: "Mwizi!"

UFANYE NINI?

Kwanza, ukivamiwa, tafuta matibabu na usalama. Kisha, mapema iwezekanavyo, andika au mwombe mtu akuandikie yale uliyoyaona wewe mwenyewe, kabla ya kuzungumza na majirani. Weka saa, mwanga, umbali, muda, na maneno uliyoyasikia.

Pili, toa ripoti kituoni upesi, uhakikishe maelezo yako ya sura yameingia kwenye kitabu cha matukio. Chukua nambari ya OB.

Tatu, usitazame picha zinazozungushwa kwenye simu, wala usizisambaze.

Nne, ukiitwa kwenye gwaride, jua kwamba huenda mhalifu hayumo. Neno "sijui" au "simwoni" ni ushahidi kamili, si aibu. Ukimtambua mtu, sema papo hapo una hakika kiasi gani. Wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba uhakika wa mara ya kwanza, gwaride likiendeshwa vizuri, una uzito. Uhakika unaokua miezi ikipita ndio wa kuogopa.

Tano, ewe mzazi, mtoto akipatwa na jambo usimlishe majibu. Mwulize, "Ilikuwaje?" Usimwulize, "Ni mjomba fulani, sivyo?" Mtoto hujaribu kumpendeza mkubwa. Wala hili lisiwe sababu ya kutomwamini. Msikilize, andika maneno yake kama yalivyo, umpeleke hospitali na kwa polisi.

Sita, ukisikia "Mwizi!", kazi yako ni kumzuia mtu asikimbie na asiuawe, na kuita polisi. Wahenga walisema penye wengi pana Mungu, lakini macho ya wengi wanaopiga hayakuona kitu. Yanategemea jozi moja tu ya macho yaliyoona, nayo labda gizani.

Nasi madaktari tuna fungu letu. Katika P3 tunaandika jeraha, upana wake, umri wake na aina ya kifaa kinachoweza kulisababisha. Hatuandiki fulani alimkata fulani, kwa kuwa hatukuwapo.

Mama yule alionyeshwa daftari. Aliketi kimya kwa muda, kisha akamwomba kijana radhi mbele ya wale wale waliokuja na mawe. Kijana alimwambia, "Yamekwisha, mama," ingawa niliona mikono yake ilikuwa bado inatetemeka. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Mwenye jiwe aliliweka chini taratibu karibu na ua, kana kwamba ni mali ya mtu.

Nilipokutana na mama miezi kadhaa baadaye, aliniambia jambo ambalo sijalisahau, kama naweza kulitumia neno hilo: "Daktari mwanangu, najua si yeye. Lakini nikimwona, moyo bado unaniambia ndiye." Ndivyo kumbukumbu ilivyo. Ukweli huweza kuisahihisha, lakini haiombi radhi.

Na wale waliomkata hawajapatikana hadi leo. Lau kijana yule angeuawa pale uani, hakuna ambaye angewatafuta tena.